KARAMU ISIYO NA SWALI

Neno ninalotaka kuwaambia si tamu. Mtu akilisoma na kukasirika, na alisome mara ya pili, kisha aje anisahihishe. Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu wamenizoeza kusahihishwa.

Neno lenyewe ni hili: sisi Wakristo wa Buha hatujui kula sikukuu. Twajua kuchinja, twajua kupika, twajua kuvaa nguo mpya na kuimba kanisani mpaka sauti zikauke. Lakini chakula kile tukilacho nyumbani pamoja na ukoo wetu, baada ya ibada, kimekuwa ulaji mtupu. Wako watu ambao tangu kale wameila karamu moja majumbani mwao, na kwa karamu hiyo wamewafundisha watoto wao kwamba wao ni nani na wametoka wapi. Watu hao ni Wayahudi, na karamu hiyo ni ya Pasaka. Sisi twaisoma habari yake katika Kitabu cha Kutoka, mlango wa 12; twaisoma kwa sauti kuu kanisani, kisha twakwenda nyumbani na kufanya kinyume chake.

Nimesukumwa kuandika kwa sababu ya mabishano niliyoyasikia. Wako miongoni mwetu wasemao kwamba Mkristo wa kweli hana budi kuishika Pasaka ya Kiyahudi: achinje mwana-kondoo, apake damu mlangoni, ale mikate isiyotiwa chachu. Wengine huwajibu kwa ukali kwamba mambo ya Wayahudi yalikwisha zamani, na mtu akiyataja amerudi chini ya sheria. Nimewasikiliza hawa na hawa, nami naona wote wamepotea njia. Hao wa kwanza wataka kuchukua kisichokuwa chao. Hao wa pili wakataa kujifunza kwa sababu ya kiburi. Na wote, wakiisha kubishana, huenda nyumbani wakala nyama kwa namna ile ile moja.

Kwanza na tuijue karamu yenyewe, tusije tukashindana juu ya kitu tusichokijua.

Pasaka ya Wayahudi huanza jioni, jua likichwa, mwanzo wa siku ya 15 ya mwezi wao uitwao Nisani, wakati wa mbalamwezi. Kabla ya jioni hiyo nyumba husafishwa yote. Chachu hutolewa, pamoja na kila mkate uliochachuka, hata chembe zilizoanguka katika mifuko ya nguo za watoto. Kwa muda wa siku saba, au nane kwa wengi wakaao nje ya nchi ya Israeli, hawali kitu chenye chachu. Mkate wao ni unga na maji, basi. Na tangu maji yaguse unga hata mkate uokwe hazipiti dakika 18, usije ukaumuka. Ni mkate wa watu waliotoka mbio, wasio na nafasi ya kungoja.

Jioni ile ukoo hukusanyika: babu na bibi, wana na wakwe, shangazi na wajomba, wajukuu wakubwa na wadogo, pamoja na mgeni aliye mbali na kwao. Wote huketi meza moja. Karamu hiyo huitwa seda, maana yake utaratibu, kwa kuwa kila jambo lina zamu yake. Mezani huwekwa mboga chungu, kwa ajili ya uchungu wa utumwa. Huwekwa mseto wa matunda na njugu, uliopondwa ukafanana na udongo, kwa ajili ya matofali waliyomfyatulia Farao. Huwekwa majani ya mboga, nao huyachovya katika maji ya chumvi, kwa ajili ya machozi. Huwekwa yai, na mfupa mmoja uliochomwa, kwa ajili ya mwana-kondoo wa zamani. Hunywa vikombe vinne vya divai, kila kimoja kwa wakati wake.

Angalieni neno hilo la mfupa. Tangu Warumi walipolibomoa Hekalu la Yerusalemu, mwaka 70, Wayahudi hawachinji tena mwana-kondoo wa Pasaka. Wengi wao usiku huo hawali kabisa nyama ya kuchoma, isije ikadhaniwa kuwa ni dhabihu. Basi ndugu yangu unayenoa kisu ukasema wataka kuifanya Pasaka kama Wayahudi, Wayahudi wenyewe watakushangaa.

Sasa sikilizeni lililo kiini cha karamu. Kabla watu hawajala, mtoto mdogo kuliko wote mezani, maadamu ajua kusema, huuliza. Huuliza sababu ya usiku ule kuwa mbali na usiku mwingine wote: habari ya mkate, habari ya mboga chungu, habari ya kuchovya, habari ya kuketi kwa kuegemea kama watu huru. Chakula kimeiva. Watu wana njaa. Wazee wamekaa, wageni wamekaa. Nao wote hunyamaza wamsikilize mtoto. Ndipo hujibiwa. Wanacho kitabu kiitwacho Hagada, maana yake masimulizi, nao husoma na kusimulia jinsi walivyokuwa watumwa katika Misri, na jinsi Mungu alivyowatoa. Wala hawasimulii kama habari za watu wengine waliokufa zamani. Kila mtu mezani hufundishwa kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri kwa miguu yake.

Masimulizi hayo hutaja watoto wa namna nne: mwenye hekima, mwovu, mnyofu, na yule asiyejua kuuliza. Kila mmoja hupewa jibu limfaalo. Na kwa ajili ya yule wa nne mzazi haambiwi angoje mpaka mtoto apate akili. Huambiwa aanze yeye. Nimeshika chaki miaka mingi, nami nasema kwamba aliyeyapanga hayo alikuwa mwalimu hodari. Tena, ili watoto wasilale, kipande cha mkate hufichwa, nao hukitafuta kwa furaha kubwa. Na hata wakubwa hawawezi kuimaliza karamu kabla kipande hicho hakijaonekana na kuliwa. Maana yake ni hii: wazee hawawezi kumaliza pasipo watoto. Mwanzoni mwa masimulizi kila mwenye njaa hukaribishwa, na kuelekea mwisho mlango hufunguliwa kwa ajili ya nabii Eliya.

Hiyo ndiyo karamu. Utaratibu wake wa leo ulitengenezwa na marabi baada ya Hekalu kubomolewa, lakini shina lake ni lile lile la Kutoka. Humo imeandikwa kwamba watoto watawauliza wazazi maana ya ibada hii, na wazazi watawajibu. Tena imeandikwa kwamba nyumba ikiwa ndogo mno kwa mwana-kondoo mmoja, na wamwite jirani wa karibu. Swali la mtoto na kiti cha jirani vyote viwili vimo katika amri. Wala havikuachiwa ukarimu wa mtu apendaye.

Labda mmoja atasema, "Mwalimu, hayo ni ya watu wa ng'ambo ya bahari, sisi yatuhusu nini?" Sivyo, ndugu. Katika Nairobi Wayahudi wamekuwa na sinagogi tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Na karibu zaidi na maisha yetu wako Abayudaya wa Uganda, wakaao karibu na Mbale, chini ya Mlima Elgon. Hao ni Waafrika kama sisi, wakulima wa migomba na kahawa kama sisi. Mwanzo wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, mtu aliyebatizwa na Waprotestanti. Alisoma Agano la Kale kwa bidii, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga na kanisa, akashika dini ya Kiyahudi. Alifariki mwaka 1928, lakini watu wake hawakutawanyika.

Nisifahamike vibaya. Simsifu Kakungulu kwa kuacha ubatizo wake, wala siwaiti ninyi mwende kwa njia yake. Nataka mwone jambo moja tu. Idi Amin alipotawala, alipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa, wengi wakageukia dini nyingine, na waliobaki wakawa wachache, wakiomba kwa siri majumbani. Mtu aliyeweka dini yake yote katika jengo, jengo likifungwa amekwisha. Lakini dini yenye meza nyumbani, yenye mtoto aulizaye na mzee ajibuye, askari ataifunga kwa kufuli gani?

Nanyi mwajua utawala ule ulivyoanguka. Vijana wa nchi yetu waliingia Kampala, na tarehe 11 Aprili 1979 ilitangazwa katika redio kwamba serikali ya Amin imekwisha. Siku hiyo ilikuwa Jumatano ya juma letu la mateso. Na jioni ya siku hiyo hiyo, jua lilipokuchwa, ndio ulikuwa mwanzo wa Pasaka ya Wayahudi mwaka ule. Sisi katika Tanzania tulikuwa na sehemu katika usiku ule, na wengi wetu hatukujua. Mwaka 2008 mmoja wa Abayudaya, Gershom Sizomu, aliwekwa kuwa rabi baada ya masomo yake Marekani. Jumuiya iliyokuwa karibu kuzimika ilikuwa imelea mwalimu wake yenyewe.

Sasa turudi Buha.

Siku ya Pasaka yetu huwa wakati wa mvua. Wana wa ukoo hufika kutoka Kigoma mjini, kutoka Tabora, kutoka Dar es Salaam, wamechoka kwa safari, mikoba imejaa sukari na vitenge. Twafurahi sana. Twachinja mbuzi, na mwenye uwezo achinja ng'ombe. Baada ya ibada twaketi. Je! twaketije? Wanaume wazima hukaa sebuleni juu ya viti. Wanawake wako jikoni ndani ya moshi, na wengine hawaketi hata jua likichwa. Watoto hukaa uani, hupewa sahani moja kubwa wagombanie, kisha huambiwa waende wakacheze. Nasi sebuleni twazungumza nini? Bei ya mahindi, mpaka wa shamba, mahari ya binti wa fulani, nani amenunua pikipiki. Pombe ya ndizi huingia kwa mlango wa nyuma, na wengine wetu hujifanya hatuioni mpaka imetufikia. Jioni watu husema, "Sikukuu ilikuwa njema." Kwa nini njema? "Nyama ilitosha."

Nisiwasingizie wengine. Nitaungama langu mwenyewe.

Bibi yangu, mama wa baba yangu, alikuwa na kaka mmoja aliyempenda kuliko ndugu wote. Zamani za Waingereza, vijana wengi wa Buha walichukuliwa kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alipewa namba. Walipanda garimoshi, wakapewa kipande cha kuandikiwa siku zao za kazi. Wengine walirudi na nguo na baiskeli, wengine hawakurudi. Kaka yake bibi alikwenda katika miaka ya 1940, wala hakurudi.

Bibi alikuwa na desturi. Kila sikukuu, ukoo ukiisha kukusanyika na chakula kikiwa tayari, alianza kusema habari za kaka yake: siku aliyoondoka, nguo aliyovaa, maneno aliyomwambia njiani, na jina la shamba ambalo kijana mmoja aliyerudi alisema amemwona huko. Nasi tulifanyaje? Tulicheka kwa upole. Tulisema, "Bibi, hiyo tumeisikia, chakula kinapoa." Mimi mwenyewe, mwalimu, niliyekuwa nikiwaadhibu watoto kwa kutosikiliza darasani, ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema. Naye alinyamaza, akachukua tonge lake.

Alifariki mwaka 1998. Miaka mingi baadaye, siku ya Pasaka, mjukuu wangu wa miaka sita aliingia sebuleni tulipokuwa tukila, akauliza kwa sauti, "Babu, yule babu aliyepotea alikwenda wapi?" Sijui nani alimwambia habari hiyo, labda wanawake jikoni, maana jikoni husemwa mengi kuliko sebuleni. Nilimwambia, "Nenda nje ukacheze, wazee wanazungumza." Akaenda. Usiku ule sikulala. Nilimfukuza mtoto kwa sababu sikuwa na jibu. Jina la shamba lile bibi alilitaja mbele yangu zaidi ya mara ishirini, nami silijui. Hakuna alijuaye tena. Tulikuwa na shahidi mezani petu, tukambadilisha kwa mbuzi wa moto.

Hilo ndilo lililoniuma, na ndilo linaloniandikisha. Wayahudi waliweka kumbukumbu ya watumwa wa Farao mpaka leo, kwa sababu waliamuru kwamba chakula kingoje. Sisi tulipoteza mtu mmoja wa nyumba yetu ndani ya miaka sitini, kwa sababu hatukutaka chakula kipoe.

Tena kuna jambo la pili. Mwaka 2016 nchi yetu ilikuwa imewapokea tena wakimbizi wengi wa Burundi. Kambi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa upya mwaka 2015, na Mtendeli mwezi wa Januari 2016. Siku ya Pasaka, tulipokuwa tumeketi, alipita mama mmoja kutoka ng'ambo, mwenye mzigo wa kuni kichwani na mtoto mgongoni. Akasimama mlangoni, akaomba kibarua. Kirundi chake na Kiha chetu ni kama watoto wa mama mmoja. Tulimsikia neno kwa neno. Mmoja wetu akamjibu, "Leo sikukuu, njoo kesho." Akashukuru, akaenda. Ndipo tukainamisha vichwa, tukaomba baraka juu ya chakula. Je! mwaona aibu yake? Kumbukumbu la Torati, mlango wa 16, inapopanga sikukuu za Israeli yamtaja mgeni, na yatima, na mjane, kuwa nao wafurahi. Mama yule labda alikuwa wote watatu kwa pamoja. Alikuja kwa miguu yake mwenyewe mpaka mlangoni, nasi tulimpa tarehe.

Najua majibu yatakayoletwa. Nami nitayajibu moja moja.

Wa kwanza atasema, "Sisi tuko katika neema, hatuna haja na Pasaka ya Kiyahudi." Ndugu, usiku ule Bwana wetu aliotolewa, Injili ya Luka yasema aliketi kula Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Mkate na kikombe cha Meza ya Bwana vyatoka katika karamu hiyo. Mtu akinywa maji ya kijito kila siku, kisha akaidharau chemchemi, tumwiteje?

Wa pili atasema, "Basi ni vema tuifanye yote, kama wao." Hapana. Karamu ile ni yao. Wameilinda kwa machozi na kwa damu, tena mara nyingi waliowatesa walikuwa watu wajiitao Wakristo, hata majira yale ya Pasaka. Si haki kuivaa kama vazi la ngoma kwa siku moja na kulivua kesho yake. Je! ungefurahi mgeni akija akachukua matanga ya ukoo wako, akayafanya mchezo katika uwanja wa kanisa lake, kisha akawafundisha wajukuu wako namna iliyo sahihi? Abayudaya wa Mbale waliingia dini ile kwa mwili wao wote, na walilipa gharama yake. Wewe wataka mwana-kondoo bila gharama. Kujifunza kwa jirani namna ya kulima si kumnyang'anya shamba.

Wa tatu atasema, "Sisi ni maskini, sikukuu ni kwa wenye mbuzi." Huyu namhurumia, lakini amepotoka. Mkate wa Pasaka ni unga na maji, nao katika Maandiko ni mkate wa mateso. Mboga chungu ni mboga ya shambani. Swali la mtoto halina bei. Kama karamu ile ingetegemea unono, ingalikufa katika nyumba ya kwanza iliyokosa nyama. Mwenye ugali wa muhogo na maharage anayo meza ya kutosha.

Wa nne atasema, na huyu ndiye mwenye nguvu katika vijiji vyetu, "Si adabu mtoto kusema mbele ya wazee." Mzee wangu, nakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Walisema pia kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu wa leo una simu mkononi, hauchoki kusema, wala haumfukuzi mtoto sebuleni. Mtoto wa Kiyahudi hasemi ovyo. Huuliza kwa zamu yake, kwa amri ya wazee wake. Mzee hapungukiwi heshima akiulizwa. Hupungukiwa akiwa hana la kujibu.

Wa tano ni mwanamke, naye hasemi kwa sauti, husema moyoni, "Hata wakisimulia, mimi nitakuwa jikoni." Dada, wewe ndiwe mwenye haki kuliko wote. Tukisimulia kisa cha kutoka utumwani, na aliyepika chakula hawezi hata kuketi akisikilize, basi tumemwacha Misri sisi tukavuka bahari.

Basi tufanye nini? Sitaki mambo makubwa. Wala sisemi tule mikate ya Wayahudi au tusome Hagada yao. Tunacho chakula chetu, na Pasaka yetu, na Bwana wetu aliyefufuka. Nataka mambo manne tu, na kila nyumba yaweza kuyafanya bila senti moja.

Kwanza, chakula kingoje mpaka aliyepika ameketi. Wanaume na waende wakalete maji ya kunawa. Mikono yao haitavunjika.

Pili, watoto waketi pamoja nasi, na mdogo kuliko wote aulize kwa nini tumekusanyika. Asiyejua kuuliza, mzee na aanze.

Tatu, mzee ajibu kwa visa viwili. Kimoja ni kile cha Bwana: kaburi lililo wazi, asubuhi na mapema. Cha pili ni cha nyumba yenyewe. Buha haikosi visa. Ziko safari za babu zetu kuifuata chumvi ya Uvinza. Na mtu akiiweka mezani, na akumbuke pia maji yale ya machozi. Iko malale ya miaka ya 1930, ambayo kwa ajili yake watu walihamishwa kutoka makwao. Wako manamba. Kuna kuhamia vijijini miaka ya 1970, siku watu walipotazama nyuma wakaona nyumba zao hazina mapaa. Wako wageni waliofika mwaka 1993 kutoka Burundi na mwaka 1996 kutoka Kongo, na wale waliowapokea. Visa hivi vina uchungu, na vingine vina aibu. Visimuliwe hivyo hivyo. Wayahudi hawakuondoa mboga chungu mezani ili wageni wafurahi.

Nne, mlango usifungwe. Atakayepita na kuomba kazi siku hiyo, apewe kwanza kiti.

Mtu atauliza kama mimi nimeyafanya. Nimeyafanya, kwa kuchelewa. Pasaka iliyofuata baada ya usiku ule wa kutolala, nilimwita yule mtoto mbele ya ukoo wote, nikamwambia aulize tena swali lake. Aliogopa, akamtazama mama yake, kisha akauliza. Nilimjibu: "Alikwenda kukata mkonge. Jina la shamba nalilisikia, nikalisahau kwa sababu nilikuwa mlafi. Jina lake mwenyewe ni hili." Nikalitaja jina lake, na watu wote mezani wakalitaja baada yangu, mpaka na wakwe ambao hawakupata kulisikia. Chakula kilipoa. Hakuna aliyekufa kwa kula chakula kilichopoa.

Jina hilo sitaliandika hapa. Ni la nyumba yetu. Nanyi mnayo majina ya kwenu. Katika kila kijiji cha Kasulu na Kibondo yuko bibi mmoja ambaye kila sikukuu huanza kisa chake, na watu humwambia kwamba chakula kinapoa. Sikukuu ijayo, mwacheni amalize.

Ni mimi mwalimu wenu,
Kasulu.